KINGEANGUKA GALLAPO, UNGEMPIGIA NANI?

(Mazungumzo na vijana wa kijiwe cha Bagara, Babati)

Ndugu zangu vijana wa Bagara, zimeni pikipiki kidogo tuongee. Na wewe msomaji ambaye hukuwepo kijiweni siku ile, vuta kiti. Maneno haya ni yako pia.

Nikitaja shirika la anga, najua mnachokiona kichwani: Mmarekani ndani ya vazi jeupe anarukaruka mwezini. Mlalahoi wa Babati anajiuliza, mwezi unanihusu nini na mimi leo sijapata hata hela ya mafuta? Swali zuri. Jibu langu ni hili: kazi kubwa ya shirika la anga si kwenda juu. Ni kutazama chini, halafu kusema kilichoonekana.

Tuanze na jirani. Tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, pete ya chuma ilianguka kutoka angani. Upana wake mita 2.5, uzito wake kama kilo 500. Ingeangukia nyumba, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, likafika, likachukua chuma chake na kuwaeleza wananchi kwamba kile ni kipande cha roketi. Wanakijiji wakawa na mahali pa kuuliza. Sasa niambie wewe: kingeanguka Gallapo, ungempigia nani? Mtendaji wa kata?

Wakenya nao hawakuamka tu asubuhi wakajikuta na shirika. Pwani ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini wakaliita San Marco, na kuanzia mwaka 1967 satelaiti zikawa zinarushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliondoka satelaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota kwa eksirei. Wakaipa jina Uhuru. Angalia mchezo huo, ndugu yangu: bahari yetu, Kiswahili chetu, sikukuu yetu, lakini mashine yao, taarifa zao na sifa zao.

Kenya ilisubiri hadi tarehe 15 Aprili 2023 ndipo ikapata Taifa-1, satelaiti yake ya kutazama ardhi, iliyorushwa na roketi ya SpaceX kutoka California. Miaka hamsini na ushei! Na gharama yake? Kama shilingi milioni 50 za Kenya. Piga hesabu mwenyewe ni mashangingi mangapi ya vigogo. Waganda walitangulia kidogo: mwaka 2022 ilirushwa PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na vijana watatu wa Uganda waliokwenda kusomeshwa Japani. Vijana, si wazee wenye matumbo.

Sasa turudi nyumbani, na hapa naomba tusicheke.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, Mlima Hanang ulimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu 89 walikufa. Katesh si ng'ambo. Ni hapo tu, barabara ya Singida, hata kilomita mia hazifiki. Wapo kati yetu waliokwenda kuzika.

Kabla ya msimu ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwishatangaza kwamba mvua za vuli zingezidi kiwango kwa sababu ya El Nino. Walitimiza wajibu wao. Lakini kusema mvua kubwa inakuja ni jambo moja. Kumwambia mama wa Katesh kwamba korongo lililo nyuma ya nyumba yake ni la hatari, hama leo, ni jambo jingine kabisa.

Sitawadanganya kama wanavyodanganya majukwaani. Hakuna satelaiti ambayo ingetaja saa ya lile tope kushuka. Lakini zipo satelaiti za rada za Ulaya, Sentinel-1, zinazoona usiku na kupenya mawingu. Ukilinganisha picha zake za siku mbalimbali, unaweza kugundua ardhi iliyosogea hata kwa sentimita. Unaweza kuchora korongo gani litapokea maji mlima ukilemewa, na nani amejenga ndani yake. Picha hizo ni bure. Zile za Landsat za Marekani, zilizoanza kupigwa mwaka 1972, ni bure tangu mwaka 2008.

Bure! Kwa hiyo jicho lipo. Kinachotakiwa ni mtu anayelipwa kuitazama Hanang, Kwaraa na Ziwa Babati wiki hadi wiki, mwenye wajibu wa kisheria wa kupiga kelele, na kelele hiyo imfikie mwananchi kabla ya maji. Huyo ndiye shirika la anga. Roketi ni mapambo.

Tangu mwaka 2023 viongozi wetu wamekuwa wakizungumzia satelaiti ya Tanzania. Vizuri, hatupingi. Lakini kabla hujapiga makofi, uliza. Picha zitakapopigwa, zitafungiwa kwenye kabati la wizara au ofisi ya kijiji itaziona? Mkulima na mfugaji wa Kiteto wakigombea ardhi, nani ataruhusiwa kufungua picha ya miaka kumi iliyopita kuona shamba lilianzia wapi? Na mtoto wa mlalahoi aliyemaliza kidato cha nne kama mimi, atafundishwa kuzisoma, au ajira ni za watoto wa wakubwa?

Usipouliza sasa, tutapata Uhuru nyingine: jina letu angani, faida kwa wengine.

Basi siku ya mkutano wa mtaa, ukimaliza habari ya barabara na maji, nyoosha mkono uulize moja zaidi: leo hii, nani anautazama Mlima Hanang? Wakikujibu "serikali", usikae. Omba jina na namba ya simu.

Washeni pikipiki, abiria wanasubiri.