Mkutano wa Wazazi na Walimu: Tusiende Mikono Mitupu

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na walezi wa Bumula



Wengi wetu tukiitwa shuleni tunaketi, tunasikiliza habari za pesa za chakula na ujenzi wa choo, kisha tunarudi shambani. Wengine hatuendi kabisa, kwa sababu tuna deni na tunaogopa kuaibishwa. Anayeumia ni mtoto.

Maandalizi huanza nyumbani, jioni kabla ya mkutano. Keti na mtoto. Muulize ni somo gani linamtatiza, na kama kuna jambo shuleni linalomtia hofu. Akuonyeshe daftari zake. Hata kama hukusoma, kurasa tupu na kalamu nyekundu utaziona.

Kisha chagua maswali mawili, maana wazazi ni wengi na mwalimu ni mmoja. Ripoti ikisema mtoto "anakaribia matarajio", usiulize amekuwa wa ngapi. Uliza: "Ni nini hasa hajaweza, na nimsaidie vipi nyumbani?" Mwenye mtoto wa Gredi ya 9 aulize ni mkondo upi utamfaa Sekondari Pevu: Sayansi na Teknolojia, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo.

Nawe mweleze mwalimu asiyoyaona: msiba, ugonjwa, au mtoto anayechunga ng'ombe kabla ya kwenda shule. Kuhusu deni, mwone mwalimu mkuu faraghani, mkubaliane utalipa vipi. Deni lisikufungie mlango wa darasa la mwanao.

Akina baba, kazi hii si ya akina mama peke yao. Nawe nyanya unayelea wajukuu, mkutano huo ni wako.

Kabla ya kuondoka, kubalianeni jambo moja: mwalimu atafanya nini, nawe utafanya nini. Ukifika nyumbani mweleze mtoto, ukianza na lile jema lililosemwa juu yake. Ukianza na kiboko, kesho hatakuonyesha daftari.

Mwisho, tujue pa kupeleka masuala yetu. Kwa Katiba ya 2010, chekechea, yaani PP1 na PP2, ziko chini ya kaunti; hayo leteni kwetu, ofisi ya elimu ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Huko anzeni na mwalimu mkuu na chama cha wazazi, ambacho kila mzazi ni mwanachama wake.