Kuchoma Mnofu wa Nguruwe

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za jikoni: nyama ya nguruwe iliyotolewa mifupa, na jinsi ya kuichoma juu ya makaa. Twajua ya kwamba wengi miongoni mwenu ni Waislamu, na nyama hii kwenu ni haramu. Twawaomba radhi, wala msiondoke, kwa maana katika mazungumzo haya yamo maneno mawili yatuhusuyo sote, alaye na asiyekula.

Katika kuchoma nyama tumezoea mfupa. Tukipewa ubavu au mkono wa mnyama, mfupa hutuambia mambo mawili. Kwanza, nyama imetoka upande gani. Pili, imeiva au haijaiva, kwa kuwa nyama iivapo hujivuta na kuanza kuuacha mfupa. Lakini siku hizi, katika mabucha ya nyama hii ambayo vijana wameipa jina la kitimoto, huuzwa pia vipande vilivyokwisha kutolewa mifupa. Muuzaji huviita steki, asieleze zaidi, na mnunuzi hurudi nyumbani na kitu asichokijua.

Yalitupata sisi wenyewe pale Kibaha. Tulinunua mnofu wa kilo moja na nusu, mnene kuliko mkono wa mtu mzima. Tukaupaka chumvi na ndimu, tukauweka mzima juu ya moto mkali. Baada ya nusu saa ulikuwa mweusi, na harufu yake ilikuwa imewakusanya watoto wote wa nyumba. Tulipoukata, ndani ulikuwa mbichi kabisa, unachuruzika maji ya damu. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kutia kipande kinywani. Tukamwambia ateme upesi. Jioni ile wageni wetu walikula muhogo na kachumbari. Aibu hiyo ndiyo iliyotufundisha haya tunayowaambia.

Kumwambia mtoto ateme kulikuwa na sababu. Katika nyama ya nguruwe huweza kuwamo vijifuko vyeupe, mfano wa punje ya mchele au vikubwa kidogo, navyo ni watoto wa mnyoo uitwao tegu. Mtu alapo nyama yenye vijifuko hivyo ikiwa haijaiva, mnyoo hukua matumboni mwake hata kufikia urefu wa mita kadhaa, na mayai yake hutoka pamoja na choo. Nguruwe azururaye akila uchafu huo, mambo huanza upya. Tena liko lililo baya zaidi. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono isiyonawiwa au kwa maji machafu, vijifuko huweza kujijenga hata katika ubongo wake na kumletea kifafa. Basi asiyekula nguruwe kamwe naye aweza kupatwa, akiwa jirani wa mtu mwenye tegu asiyetumia choo. Hilo ndilo neno la kwanza la sisi sote.

Waganga wameuchunguza ugonjwa huu katika nchi yetu, hasa Mbulu na sehemu za Mbozi, nao wanatuhakikishia ya kwamba kifafa hiki si uchawi wala laana. Kinga yake ni kuwa na choo na kukitumia, kunawa mikono, kumfuga nguruwe bandani, kununua nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, na kuipika hata moto ufike katikati. Ndimu haiui vijifuko, wala pilipili, wala pombe inywewayo pamoja na nyama.

Sasa turudi jikoni. Kwa kuwa mfupa haupo, yapasa kuuuliza mnofu wenyewe. Uweke juu ya ubao safi, uutazame nyuzi zake na mafuta yake.

Ukiona nyuzi zimenyooka upande mmoja, nyama ina rangi ya kupauka, na mafuta yamekaa juu tu kama ukanda, huo ni mnofu wa mgongo, yaani sarara. Ni laini, lakini hukauka upesi. Ukate kwa kuzikingama nyuzi, vipande vyenye unene wa vidole viwili. Vichome kwa moto wa kadiri, ukivigeuza mara kwa mara, wala usiviache vikawa kama ngozi ya kiatu.

Ukiona nyuzi zinakwenda huku na huku, nyama ni nyekundu zaidi, na mafuta yamepenya katikati ya minofu, huo ni wa bega au wa shingo. Una ladha nzuri kuliko ule wa kwanza, lakini ni mgumu, nao hautaki haraka. Wetu ulikuwa wa namna hii, nasi tuliufanyia haraka. Ziko njia mbili za kuupika. Ya kwanza, uchemshe polepole kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu hata uma uingie bila shida, kisha uukaushe na kuuchoma kwa dakika chache upate rangi. Ya pili, usogeze makaa upande mmoja wa jiko, uweke mnofu upande usio na makaa, uufunike kwa sufuria pana, na kuuacha muda wa saa moja na nusu au zaidi, ukiongeza makaa machache machache. Mwisho uupitishe juu ya makaa ili uwe mwekundu nje.

Makaa nayo yana kanuni yake. Usiweke nyama wakati ndimi za moto zingali zinawaka. Ngoja hata makaa yafunikwe na majivu meupe. Kisha weka kiganja juu ya wavu, uhesabu polepole. Ukilazimika kuuondoa mkono kabla ya kufika tatu, moto ni mkali mno. Ukifika sita, ni wa kadiri. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, sogeza nyama kando. Weusi wa nje si ushahidi wa kuiva. Mara nyingi ni ushahidi wa papara tu.

Na tutajuaje ya kuwa umeiva? Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati ya pale palipo nene, na kisome digrii 70 au kupita. Asiye nacho apasue pale pale kwa kisu. Maji yatokayo yawe meupe, na nyama isiwe na ubichi wowote ndani. Ikiwa una shaka, rudisha motoni. Hakuna mgeni aliyekufa kwa kungoja robo saa. Ikisha kuiva, iache itulie dakika kumi kabla ya kukata, maji yake yasimwagike ubaoni. Wala usiirudishe katika sahani iliyowekwa nyama mbichi.

Neno la pili ni la ujirani. Misheni za Kilutheri za Kisarawe na Maneromango zilikuwapo tangu zama za Wadachi, kabla ya mwaka 1900, na tangu hapo si ajabu katika pwani hii kuona ndugu wa tumbo moja, huyu Mkristo na huyu Mwislamu. Twakumbuka pia mwaka 1993, mabucha ya nyama hii yalipovunjwa mjini Dar es Salaam kwa ghadhabu. Mambo kama hayo hayazuiwi na askari peke yao. Huzuiwa na adabu ya kila siku. Basi mwenye kuchoma nguruwe awe na wavu wake, kisu chake na sufuria yake, asiazime kwa jirani Mwislamu. Aangalie upepo unapeleka wapi moshi. Akija mgeni, amwambie waziwazi kilichomo jikoni, asimfiche wala asimfanyie mzaha. Na akitaka kumkirimu, kuku achinjwe na Mwislamu, apikwe katika chombo kingine.

Basi mfupa usipokuwapo, tazameni nyuzi, pimeni moto, pasueni katikati. Na mtoto akinyosha mkono kabla ya wakati, mwambieni angoje.