Kabla ya Kununua Madabodi, Jueni Kazi Yenu



Tangu vikundi vyenu vianze kuweka hesabu za mikopo kwa kompyuta, nimeulizwa swali hili mara nyingi: fundi amesema madabodi imeungua, tununue gani? Madabodi ni ule ubao mkubwa ndani ya sanduku ambao vipande vingine vyote hushikana nao: prosesa inayopiga hesabu, memori, diski na nyaya za umeme. Lakini kwanza fundi apime kile kisanduku kinacholeta umeme ndani. Mara nyingine ndicho kilichokufa, bodi ni nzima.

Kama ni bodi kweli, ulizaneni kazi ni gani. Ni daftari la wanachama, barua, risiti na kumbukumbu za mkutano, sivyo? Basi ya nini bodi ya wacheza michezo yenye taa za rangi? Mwenye duka atazisifia sana hizo taa, lakini hazihesabu hata senti.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana mimi mwenyewe nilianguka. Nilitumwa mjini na pesa za kikundi. Nikanunua bodi ya memori ya DDR4 katika duka moja, halafu memori ya DDR5 katika duka lingine, ati kwa kuwa ni mpya zaidi. Zote zina pini 288, ukizitazama ni kama mapacha. Lakini ile nafasi iliyokatwa chini haiko mahali pamoja, kwa hivyo memori ilikataa kuingia. Duka nalo likakataa kurudisha pesa. Hizo zilikuwa pesa za mayai na sukuma wiki, na ilinibidi nimweleze mama mweka hazina mbele ya wote.

Prosesa nayo ina soketi yake. Prosesa ya AMD ya soketi AM4 haiingii kwenye AM5, iliyotoka mwaka 2022, na AM5 haitumii DDR4 kamwe. Kwa Intel, soketi LGA1700 ina bodi za DDR4 na za DDR5, basi someni jina lote. Hata soketi zikifanana, fundi aangalie orodha ya mtengenezaji wa bodi, kwani bodi ya zamani huenda isiitambue prosesa mpya mpaka programu yake ya ndani ibadilishwe.

Kwa mfuko mdogo mimi ningetafuta bodi ya A520 na prosesa ya Ryzen 5 5600G. Nafasi mbili za memori zinatosha. Anzeni na GB 8, mkipata pesa mwongeze. Hiyo herufi G msiidharau. Prosesa hiyo hutoa picha yenyewe. Ile 5600 isiyo na G haitoi, na tundu la skrini kwenye bodi litabaki bure mpaka mnunue kadi ya picha.

Wenye kompyuta zilizotumika ng'ambo, za kampuni kama Dell au HP, poleni kidogo. Bodi zao nyingi zina umbo na viungio vya umeme vya kwao wenyewe. Tafuteni bodi ileile iliyotumika, au mwulize bei ya kompyuta nzima. Huenda ikawa nafuu.

Mkienda dukani, bebeni bodi ya zamani. Na kabla ya kulipa, mwuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la bodi, na siku ngapi mnaweza kuirudisha.