Anayekabwa Usiku Hajalogwa

Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, imepita, na hotuba zake wasikilizaji wamekwisha kuzisikia. Msongo wa mawazo ulitajwa. Pombe ilitajwa. Usingizi haukutajwa. Kila mwaka hautajwi, na kila mwaka kuna watu Bukoba na Muleba wanaokabwa na jinamizi, kisha wanamsaka mchawi.

Mtu anazinduka alfajiri. Anaona paa, anasikia jogoo, lakini mkono haunyanyuki, sauti haitoki, na kifuani ni kama pamekaliwa. Wakati wa ndoto ubongo hulegeza misuli, mwotaji asije akarusha mateke kitandani. Akili ikiamka kabla ya mwili kufunguliwa, ndoto huendelea huku macho yakiwa wazi, na aliyelala humwona mtu kasimama mlangoni. Sekunde chache, pengine dakika moja au mbili, yamekwisha.

Balaa huanza asubuhi, yule wa mlangoni anapopewa jina. Mara nyingi ni jina la bibi anayeishi peke yake. Kanda ya Ziwa imezika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi.

Mwaka 2011 watafiti Sharpless na Barber walijumlisha tafiti za nchi mbalimbali: waliowahi kukabwa walikaribia asilimia 8 ya watu kwa jumla, lakini kwa wanafunzi ni asilimia 28. Wanafunzi! Kituo hiki cha redio kimesema na hakitachoka kusema: kukosa usingizi hukaribisha jinamizi, na bweni linawanyima watoto usingizi. Prepo mpaka saa nne na nusu usiku, kengele saa kumi na moja alfajiri, na kijana anahitaji saa 8 hadi 10. Wavuvi wa dagaa wa kisiwa cha Bumbire nao hukesha ziwani, wakalala jua likiwaka.

Muleba inajua faida ya kupima kwanza kabla ya kumtaja mchawi. Januari 30, 1962, kicheko kiliikumba shule ya wasichana ya Kashasha. Wakaugua wanafunzi 95 kati ya 159. Hakikuwa jinamizi, lakini madaktari Rankin na Philip walitafuta sumu na vimelea, wasivione, na mwaka 1963 wakaandika kwamba yaelekea ni mihemko iliyoambukizana.

Tiba haihitaji kuku mweusi. Ni kulala na kuamka saa zilezile, kulalia ubavu badala ya chali, na kuiacha kahawa ya kutafuna jioni. Aliyebanwa asipambane, ajaribu kutikisa kidole kimoja. Anayekabwa mara kwa mara, au anayesinzia mchana katikati ya maongezi, aende hospitali: wasiwasi unaochochea hali hii hutibika, na dawa zipo, za kuandikiwa na daktari.

Walimu wakuu, rudisheni saa za kulala! Wenyeviti wa vitongoji, msiitishe mkutano wa kumtaja mchawi! Na wewe uliyekabwa jana, usimtaje jirani. Nenda zahanati, ukaeleze ulivyolala.