Hukumu Peke Yake Si Shule



Sisi wa Kenya twajua maana ya shule zilizotengwa kwa rangi. Wakati wa ukoloni Mzungu alikuwa na yake, Mhindi yake, na Mwafrika yake, iliyo duni. Kwa hiyo twaomba kuwasimulieni habari za watu Weusi wa wilaya ya Prince Edward, jimbo la Virginia, huko Marekani.

Shule yao ya sekondari, iliyoitwa Moton, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Kufikia 1951 walizidi 450. Waliokosa nafasi walifundishwa katika vibanda vilivyofunikwa kwa karatasi za lami, na mvua iliponyesha vilivuja. Wazazi waliomba jengo jipya, wakaambiwa wangoje.

Tarehe 23 Aprili, 1951, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwaongoza wenzake kugoma. Hapo wazee walikuwa na njia mbili: kuwakemea watoto, au kusimama nao. Mchungaji Francis Griffin aliwafungulia kanisa lake wakutane. Mawakili walikubali kushika kesi kwa sharti moja: wasidai jengo tu, bali ubaguzi wenyewe uondolewe. Wazazi wakaridhia, ingawa riziki ya wengi ilikuwa mikononi mwa Wazungu.

Tarehe 17 Mei, 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani, ikiamua kesi hiyo pamoja na nyingine, ilitamka kuwa kutenga watoto wa shule kwa rangi kwavunja katiba. Lakini mwaka 1959 wakuu wa wilaya waliona heri kufunga shule zote za umma kuliko kuwachanganya watoto. Wazungu waliwafungulia wao shule ya binafsi. Watoto Weusi, wengine walipelekwa kwa jamaa wa mbali, wengine walifundishwa makanisani, na wengi walikaa bila masomo. Mwaka 1963 zilifunguliwa shule za michango. Zile za umma hazikufunguliwa mpaka 1964, kwa amri ya mahakama. Miaka iliyopotea hakuna aliyeweza kuwarudishia.

Wazee wetu, fundisho tulipatalo ni hili. Mtoto akilalamikia shule yake, tumsikilize kabla ya kumkemea. Na haki ikiisha kuandikwa, tusirudi nyumbani kulala. Tukae mlangoni mpaka mtoto ameingia darasani na kuketi. Deni la fedha hulipika. Mwaka wa masomo ukipotea, haulipiki.