Bwana Msa na kurasa zilizochanwa

(Mazungumzo niliyotoa mbele ya vijana wenzangu hapa Mbinga. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza salamu tu.)

 

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni: tumekuja kujenga chama, huyu binti anatuletea mambo ya hadithi. Nivumilieni. Hadithi ndizo zilizonipeleka kusoma sheria.

Mjomba wangu alikuwa na sanduku la vitabu kule Lituhi. Humo kulikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na kitabu kimoja kikuukuu, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Nilikuwa darasa la sita. Bwana Ali anakutwa ameuawa kwenye mzimu, na Bwana Msa na kiko chake anaanza kuuliza maswali. Nikasoma mpaka giza likaingia, nikasoma kwa kibatari, na nilipokaribia kumjua muuaji, kurasa zikaisha. Zimechanwa! Mtu alizifanya karatasi za kusokotea tumbaku. Nilikaa miaka minne bila kumjua muuaji, mpaka nilipokikuta kitabu kizima sekondari.

Mnacheka, lakini mimi iliniuma kweli.

Nampenda Bwana Msa kuliko wale wengine wawili, na nitawaambia kwa nini. Willy Gamba ni mtamu, ana bastola, ana ndege, anapiga watu mpaka unasahau usipa jikoni unaungua. Ila kwa vile nilivyomsoma, mahakama kwake haina kazi. Akishajua mbaya ni nani, anammaliza. Nilipokuwa mdogo nilishangilia. Sasa nimesoma kidogo Katiba, nikimsoma nakuwa na wasiwasi: hivi siku akikosea mtu, nani atamuuliza? Bwana Msa hana bastola. Anatazama, anauliza, anafikiri. Na mahali penyewe ni kwenye mzimu, ambapo ingekuwa rahisi kabisa kusema mizimu imefanya yake, tukazika, tukanyamaza. Yeye anakataa. Kwake aliyekufa ameuawa na mtu, na mtu huyo ana jina.

Sasa tutazame nchi yetu. Ben Saanane alipotea Novemba 2016. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Novemba 2017 kule Kibiti. Ali Kibao alishushwa kwenye basi Septemba 2024, kesho yake akakutwa amekufa. Tukiuliza ni nani, jibu tumelizoea hadi watoto wanalitania: watu wasiojulikana. Jamani, hao ndio mzimu wetu wa leo. Kuna familia zimebaki na kitabu ambacho mtu amechana kurasa za mwisho, na hazitasubiri miaka minne tu.

Niende upande wa pili, vitabu vya watu kujieleza maisha yao. Hivi navisoma kama ushahidi. Shahidi akipanda kizimbani, upande wa pili una haki ya kumhoji. Kitabu hakihojiwi, kwa hiyo msomaji ndiye wakili wa upande wa pili.

Chukueni kitabu cha Rais Mkapa, My Life, My Purpose, cha mwaka 2019. Polisi walipowapiga risasi waandamanaji Zanzibar Januari 2001, yeye ndiye aliyekuwa Rais. Kwenye kitabu amekiri kwamba mauaji yale yaliacha doa kwenye urais wake. Kisheria, neno ambalo mtu analisema dhidi yake mwenyewe lina uzito, na mimi nampa heshima yake kwa hilo, wengi hawajawahi kusema hata nusu yake. Lakini doa siyo jina. Ningekuwa na nafasi ningemuuliza: mzee, amri ilipita kwa nani? Alifariki Julai 2020.

Na msidhani nasema hivi kwa wale wa CCM tu. Mzee Edwin Mtei, muasisi wa CHADEMA, aliandika From Goatherd to Governor, na pale anapoeleza alivyojiuzulu Wizara ya Fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu, mimi mwenyewe nilijikuta nashangilia kabla sijauliza Mwalimu angesemaje. Wetu nao tuwahoji.

Ila kinachonikera zaidi kiko hapahapa Ruvuma. Ni wangapi humu mmesikia habari za Litowa? Mikono mitatu. Haya. Miaka ya sitini wakulima wa mkoa huu waliungana kwenye Chama cha Maendeleo Ruvuma. Walilima pamoja, wakaanzisha shule yao pale Litowa, wakapata mashine za kusaga na kupasua mbao. Walikuwa wakifanya ujamaa wenyewe, wakiamua kwenye vikao vyao. Septemba 1969 TANU ikakivunja chama, mashine zikachukuliwa. Kosa lao, kwa maoni yangu, lilikuwa kuamua wenyewe.

Mimi nimeyajua haya kwenye kitabu cha Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi nao na familia yake, kilichotoka mwaka 2014. Miaka 45 baadaye, kwa Kiingereza, London. Nenda ziwani ni vilevile: Padri Johnson aliyezikwa Liuli mwaka 1928 aliandika kumbukumbu zake za Nyasa. Namshukuru, namshukuru na Ibbott. Lakini waliopiga makasia, waliolima, waliokuwa kwenye kikao siku habari ya kuvunjwa ilipofika, wao wamesema lini? Walisema jikoni na kilabuni, wakazikwa nayo.

Likizo hii nimekaa na bibi yangu Lituhi. Nilimuuliza habari za miaka ya sabini, watu walipohamishwa kwenda vijijini. Mwanzo alisema, "Mjukuu wangu, hayo ya nini sasa?" Siku ya tatu, tukiwa tunaanika usipa, akaanza mwenyewe. Akataja nyumba ilikokuwa, miembe mingapi, nani alikuja na gari, na akamtaja kwa jina. Nilimwuliza kama ana hakika. Akanikasirikia: "Mimi nilikuwepo, wewe ulikuwa wapi?"

Mahakamani huyo ndiye shahidi tunayemtafuta, aliyeona kwa macho yake.

Nimeandika daftari zima la kurasa 96, na nilimsomea kila ukurasa anirekebishe. Miembe haikuwa minne, ilikuwa mitano. Daftari la pili nimelinunua leo asubuhi hapo sokoni, na ninayo mengine sita kwenye mfuko huu kwa yeyote ambaye bibi au babu yake bado yupo. Njooni mchukue. Peni mjitafutie.