Ufunguo na kaye ya majina

Maneno yaliyosemwa na wanafunzi wawili wa shirika letu mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Komite ilituomba tuseme juu ya masomo yetu Ubelgiji. Lakini habari ya masomo tulikwisha kuiandika kwenye ripoti, na prezida amewaonyesha diplome zetu. Leo tunaomba ruhusa tuwaeleze kitu kingine: siku kumi za vakansi ya Pasaka, tulipotembea katika miji ya kusini mwa Uhispania. Tunajua kuna mwenye kusema moyoni: "Sisi tulichanga makuta ya tiketi ya masomo, nao wanakuja kutusimulia matembezi?" Mtuvumilie kidogo. Ile safari njo ilitusukuma kusimama hapa, na mwishoni kuna jambo moja tunaloomba mlipigie kura kabla ya kwenda kula.

Wengi wenu mnatujua. Sisi ni watoto wa ndugu wawili. Tulizaliwa Lugufu, kambini, ng'ambo ya ziwa, tukarudi Baraka kwa meli tungali wadogo. Baba zetu walipokimbia mwaka 1996 walifunga mlango wa nyumba na kutia ufunguo mfukoni. Miaka yote ya Lugufu ule ufunguo ulining'inia kwenye msumari, juu ya kitanda. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa. Siku tuliporudi, nyumba haikuwa tena na mlango. Muuweke huo ufunguo akilini, tutaurudilia.

Basi, safari. Tulipata ndege ya bei ya chini mpaka Sevilla, kila mtu na mfuko mmoja mgongoni, juu valisi inalipiwa. Toka pale tulipanda mabasi. Tulilala kwenye nyumba za wasafiri, vitanda nane katika chumba kimoja, na chakula chetu kilikuwa mkate, nyanya na samaki wa kopo. Hatukuomba shirika hata franga moja. Tulikuwa tumeosha sahani kwenye restora miezi mitatu, kila Jumamosi.

Sevilla tulifika katika Juma Takatifu. Mji wote uko balabalani. Kuna vyama vingi vya waumini makanisani, na kila chama kinatoa sanamu zake kanisani na kuzipitisha mjini, watu wakizibeba taratibu, mishumaa mbele na nyuma. Tulikwenda kuona mnara mkubwa wa kanisa kuu, unaoitwa Giralda. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 12 kuwa mnara wa msikiti. Ndani hauna ngazi mpaka karibu na juu kabisa: una njia za mteremko, 35 kwa hesabu, mtu aweze kupanda akiwa juu ya farasi. Waislamu walipoushindwa mji, Wakristo hawakuubomoa. Waliongeza sehemu ya kengele juu yake.

Lakini kilichotusimamisha ni kingine. Alhamisi Kuu ulipita msafara mmoja, na mtu aliyesimama karibu nasi akatuambia jina la kile chama: Los Negritos, maana yake weusi wadogo. Tukashtuka, tukafikiri anatucheka. Hapana. Chama hicho kilianzishwa na weusi wenyewe, mwishoni mwa karne ya 14, pamoja na askofu mkuu mmoja aliyeitwa Gonzalo de Mena. Wakati ule Sevilla kulikuwa na Waafrika wengi, watumwa na waliokombolewa. Mtumwa akizeeka au akiugua, bwana wake alikuwa anamtupa nje. Askofu akafungua hospitali yao, na wao wakaunganika kutunza wagonjwa na kuzika wafu wao. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 17, walipokosa makuta ya sikukuu yao, wanachama waliokuwa huru waliweka uhuru wao wenyewe rehani. Leo wanachama karibu wote ni weupe, lakini jina wameliacha vilevile, na kanisa lao dogo bado liko.

Usiku ule hatukulala mapema. Tulisema: kumbe kitu tunachokifanya Baraka, kuchanga kidogo kidogo kwa ajili ya mgonjwa na maiti, watu wa rangi yetu walikifanya katika mji huu zaidi ya miaka 600 iliyopita, wakiwa watumwa! Nani basi atatuambia kwamba shirika ni mambo ya wazungu waliotuletea?

Toka Sevilla tulikwenda Córdoba. Asubuhi na mapema kuna saa moja ya kuingia bure katika ule msikiti mkubwa, na sisi tulikuwa mlangoni kabla haujafunguliwa. Ulianza kujengwa kama mwaka 785. Ndani kuna nguzo zaidi ya 850, na juu yake matao ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Unatembea sawa vile uko katika shamba la michikichi lililopandwa kwa mstari. Mwaka 1236 uligeuzwa kanisa, na katika karne ya 16 walijenga kanisa jingine refu katikati ya zile nguzo. Nje, katika vichochoro vya mtaa wa zamani wa Wayahudi, kuna sinagogi dogo la mwaka 1315. Waislamu, Wayahudi, Wakristo, wote walikuwa watu wa mji mmoja. Hatusemi walipendana siku zote. Lakini wote walisema "kwetu".

Granada njo fasi tulipojua kwa nini tunasimulia haya mbele ya watu waliorudi. Jumba la Alhambra hatukuingia, tiketi zilikuwa zimekwisha majuma mengi mbele. Msafiri maskini asiyeagiza mapema anatazama kwa mbali, nasi tulitazama toka kilima cha Albaicín, jua likishuka na kuta zikiwa nyekundu. Tarehe 2 mwezi wa kwanza mwaka 1492, mfalme wa mwisho Mwislamu, Boabdil, aliutoa ule mji. Tarehe 31 mwezi wa tatu, mwaka uleule, wafalme washindi walitia sahihi barua ya kuwafukuza Wayahudi wote wasiotaka kubatizwa. Walipewa miezi minne. Halafu ikafika zamu ya wajukuu wa Waislamu, hata wale waliobatizwa: toka 1609 mpaka 1614 walipakiwa melini, karibu watu 300,000.

Miezi minne ya kuuza nyumba! Ninyi mliokimbia katika usiku mmoja mtasema hiyo ni mingi. Lakini nani atakupa bei ya haki akijua lazima uondoke? Inasimuliwa kwamba familia nyingine za Wayahudi zilikwenda na funguo za nyumba zao, zikazitunza kizazi baada ya kizazi, huko Uturuki, Ugiriki na Moroko. Tuliposikia hilo hatukutazamana. Kila mmoja alikuwa anaona ule msumari wa Lugufu.

Sasa msikilize vizuri. Mwaka 2015 Uhispania ilitunga sheria: wazao wa Wayahudi waliofukuzwa waliweza kuomba uraia. Zaidi ya miaka 500 baadaye! Na waliombwa kuonyesha nini? Si ufunguo. Waliombwa karatasi: majina ya ukoo, vyeti vya jumuiya zao, maandishi yanayoshuhudia kwamba huyu ni mtoto wa wale. Aliyekuwa na jumuiya iliyoandika majina, huyo alikuwa na la kuonyesha. Wazao wa wale Waislamu waliopakiwa melini hawakupewa sheria kama hiyo mpaka leo. Ufunguo bila maandishi ni chuma tu.

Katika kituo cha basi cha Granada tulikutana na kijana wa kwetu. Alitusikia tukisema kibembe, akalia machozi. Alikuwa anafanya kazi upande wa Almería, ambako mashamba yamefunikwa plastiki, zaidi ya hekta 30,000, nyanya na pilipili za kulisha Ulaya nzima. Ndani ya plastiki joto linaua. Alipitia jangwani, akavuka bahari. Alituambia: "Bandugu, musirudie. Karatasi zenu za wanafunzi zikiisha, mukuje huku. Kazi iko." Tukamuuliza kwao wanajua yuko wapi? Akasema: "Hapana. Niliwaambia nikipata karatasi njo nitawapigia. Sasa ni mwaka wa nne."

Hatutawaficha. Mmoja wetu aliandika namba yake ya simu na alikuwa anataka kubaki. Tulibishana toka Granada mpaka Málaga, basi zima likitutazama. Málaga tulikaa ufukweni bila kusemezana. Pale wanachoma sadini kwa vijiti, moto umewashwa ndani ya mtumbwi uliojazwa mchanga. Harufu ilikuwa ya ndagala wakichomwa hapa kwetu jioni. Tulinunua kijiti kimoja, tukagawana, na ugomvi ukapoa. Lakini haukuisha.

Uliisha Tarifa. Huo ni mji wa mwisho kabisa kusini, upepo haulali. Ng'ambo ya maji unaona milima ya Moroko wazi, kilometa 14 tu. Sisi watu wa Tanganyika tulisema: hii si bahari, hii ni ziwa! Kumbe ndivyo wengine walivyosema kabla ya kupanda mtumbwi. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja mwaka 1988, maiti ya mtu aliyejaribu kuvuka ilitupwa na maji kwenye ufuko wa Los Lances, palepale watalii wanapocheza na upepo. Toka siku ile hawajakoma kufa.

Tulikwenda makaburini. Kuna waliozikwa pale bila jina. Watu wa mji waliwazika kwa heshima, hatuwezi kuwalaumu, wangeandika nini? Maiti haina simu, haina karatasi. Tulisimama pale muda mrefu. Halafu yule mmoja wetu aliyekuwa anataka kubaki akasema: "Kama ningevuka njia ile na kufa, nani Baraka angejua aulize Tarifa?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi Ubelgiji, tukamaliza masomo, tukarudi nyumbani.

Yule kijana tulimpigia tukiwa bado Tarifa. Tulimwambia kitu kimoja tu: utupe jina la mama yako. Alikaa kimya, halafu akalitaja. Mama huyo yuko hapa mkutanoni leo, na ametupa ruhusa kusema hivi: siku tulipompelekea habari, alikuwa amekwisha kufanya matanga ya mtoto wake.

Basi ombi letu ni hili. Tuna sanduku la wagonjwa na sanduku la mazishi. Tuwe na kaye ya majina. Kila mtoto wa shirika anayeondoka, akiwa na viza au bila viza, akienda Kigoma au akienda Ulaya, aandikwe: jina lake, jina la baba na la mama, kijiji, picha moja, namba za watu wawili, na njia anayopita. Hatutamuuliza kama njia ni nzuri. Tukianza kuhukumu, watakaopita njia mbaya hawatakuja kuandikwa, na hao njo wanaohitaji kaye kuliko wote. Mwezi wa tatu bila habari, sekretere anaanza kuuliza. Na akifa, sanduku la mazishi lisaidie familia hata kama maiti iko mbali.

Kuna mzee aliyetuambia jana: majina yakiangukia mikono mibaya itakuwaje? Ana haki, mzee. Sisi wote tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini katika nchi hii. Kwa hiyo kaye isikae biro. Ikae katika sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa sekretere, wa pili kwa mama mmoja atakayechaguliwa na mama wenzake. Familia isiyotaka kuandika isilazimishwe.

Kwa wafadhili wetu: gharama si kubwa. Kaye mbili ngumu, sanduku, kufuli, na uniti za simu za kila mwezi. Kinachotushinda ni uniti, juu kupiga simu nchi za mbali ni ghali.

Ule ufunguo wa baba zetu bado tunao. Nyumba ilipatikana tena kwa sababu jirani mzee alisimama mbele ya chifu akasema: "Hawa nawajua, huyu ni mtoto wa fulani." Chifu aliamini maneno ya jirani. Yule mzee amekufa mwaka jana. Nani atasema hivyo kwa wanaokuja? Tunaomba mkono unaokubali unyanyuliwe sasa.



(Sekretere anaongeza: mikono ilihesabiwa, ombi lilipita. Mama wa kushika ufunguo wa pili atachaguliwa Jumapili baada ya misa. Kaye ya kwanza imekwisha kununuliwa, na jina la kwanza lililoandikwa ni la kijana wa Almería.)